Nyota Haziimbi, Tunaimba Sisi

(Hotuba iliyotolewa Arusha mbele ya wanamuziki, wanafunzi wa sayansi na wapenzi wa nyota. Imeandikwa kutokana na rekodi na kupunguzwa kidogo. Mahali zilipochezwa sauti pameonyeshwa kwa mabano.)

Shikamooni wazee wangu. Walimu, habari za jioni. Na nyie machalii wa Chuga mliokimbilia viti vya karibu na spika, mambo vipi? Leo huenda mkajuta, maana nimekuja na besi.

Tuanze na sauti, maneno yatafuata.

(Sauti: mapigo makavu yanayojirudia, kama nusu dakika.)

Maprodyuza mliomo humu, hiyo ni mapigo mangapi kwa dakika? Nani kasema 85? Masikio yako mazima, ndugu yangu. Ni 84. Ni biti ya kutembea nayo taratibu, mtu anaweza kughani juu yake bila kuongeza kitu. Aliyeipiga hana mikono. Ni nyota iliyopewa namba badala ya jina, PSR B0329+54, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, na inajizungusha mara moja kila sekunde 0.714. Kila ikizunguka, mwali wake wa mawimbi ya redio unatupitia, kama tochi ya mlinzi anayezunguka uwanja usiku. Nyota za namna hii huitwa pulsa.

Walionialika waliniambia nije nizungumzie muziki wa nyota. Nimekuja, lakini niseme mapema kwamba nyota haziimbi. Kinachotufikia kutoka huko ni mawimbi ya redio. Kuyafanya muziki ni kazi ya watu, na katika kila hatua mtu anachagua: noti ipi, chombo gani, haraka kiasi gani. Chaguzi hizo ndizo zilizonileta hapa, kwa sababu nyingine ni za haki na nyingine ni za kutafutia watazamaji tu. Kipimo changu ni kimoja. Mtu akishika wimbo wako pamoja na maelezo yako, je, anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka afike angani? Akiweza, umefanya kazi ya nyota. Akishindwa, umetunga wimbo, na hongera, lakini usiisingizie sayari ya Mshtarii.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga. Yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hayahitaji hewa, na yakikupita sikioni hayatikisi hata unywele. Sauti ni hewa inayotikisika; ukishatoka nje ya angahewa yetu hakuna cha kuibeba hadi sikioni. Kwa hiyo mtu akikurushia video akakwambia hii ndiyo sauti halisi ya sayari ya Zohali, muulize swali moja tu: maikrofoni iliwekwa wapi?

(Kicheko.)

Msicheke sana, maana redio ya nyumbani nayo inafanya ugeuzaji uleule. Kituo kinarusha matangazo kwa megahezi 100, yaani mitikisiko milioni 100 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya linakomea kwenye 20,000. Hakuna aliyewahi kuyasikia mawimbi ya FM. Redio inapima jinsi wimbi linavyobadilika, inayatoa mabadiliko hayo na kuyapeleka kwenye spika. Muziki wote unaopigwa kwenye daladala za Kijenge umepitia njia hiyo. Tofauti ni kwamba kituo cha redio kina mtangazaji aliyeuweka muziki ndani ya wimbi kabla ya kulirusha. Angani hakuna mtangazaji, kwa hiyo kazi ya studio inatuangukia sisi wapokeaji.

Aliyeanza kuupokea mvumo huo alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Karl Jansky alikuwa mhandisi kijana kwenye maabara za kampuni ya simu ya Bell, huko Holmdel, New Jersey. Kampuni ilitaka kuuza simu za kuvuka bahari ya Atlantiki kwa redio, na wateja wasingelipa pesa yao wasikilize mikwaruzo. Jansky akaambiwa atafute mikwaruzo inatoka wapi. Akajenga antena ya mbao na mabomba, yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford Model T ili izunguke, mzunguko mmoja kila dakika 20. Aliiwekea mpokezi wa megahezi 20.5, akavaa hedifoni.

Akasikia radi za karibu. Akasikia radi za mbali. Chini ya hizo akasikia mvumo mwembamba, shhhh, ambao haukufuata mvua wala msimu. Kwanza alidhani ni Jua. Baada ya miezi mingi ya kuandika saa, akaona mvumo unawahi kila siku dakika 4. Unarudi baada ya saa 23 na dakika 56, wala si 24. Hapa wanafunzi wa jiografia wameshaelewa: hiyo ndiyo siku ya nyota. Dunia inajizungusha mbele ya nyota kwa muda huo, na zile dakika 4 zinaongezeka kwa Jua kwa sababu tunalizunguka. Basi mvumo haukuwa wa Jua, wala wa mitambo, wala wa Dunia. Ulitoka upande wa kundi la nyota la Mshale, katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, mkusanyiko mkubwa wa nyota tunamoishi. Alitangaza mwaka 1933, na mwaka huohuo redio ya Marekani ikaurusha ule mvumo hewani, watu wakakaa sebuleni wakasikiliza galaksi. Hiyo naihesabu kuwa onyesho la kwanza la fani yetu.

Nataka mjue pia kwamba tumekaa mahali pazuri kumshinda yeye. Kwa mtu wa New Jersey, kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi zaidi ya nyuzi 21 hivi kutoka upeo wa macho. Hapa Arusha kinapanda mpaka nyuzi 64. Mwezi wa nane, saa tatu usiku, ukigeukia kusini ukainua uso, unakitazama. Najua mtaniambia mwezi wa saba na wa nane ndiyo mawingu ya Arusha, Meru anajifunika kutwa kucha mpaka mgeni anadhani hakuna mlima. Mwenye darubini ya vioo analala mapema. Mwenye antena hana habari. Mawimbi ya redio ya sentimita 21 yanapenya mawingu bila kusimama, na shuka la baridi la Julai halimhusu.

Sasa tuingie studio. Kuna njia tatu za kutoka kwenye wimbi la angani hadi kwenye spika, na sitazipa muda sawa, maana ile ya katikati ndiyo niipendayo.

Ya kwanza ni ya bahati. Mara chache angani kuna mitikisiko ambayo tayari iko kwenye kiwango cha sikio. Unaiongezea nguvu tu. Radi zinatoa mawimbi ya redio ya chini namna hiyo. Na mwishoni mwa 2012, na tena 2013, chombo cha anga cha Voyager 1 kilinasa mitikisiko ya elektroni nje kabisa ya himaya ya Jua, kwenye mitikisiko 2,000 na zaidi kwa sekunde. Timu ya Donald Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa iliipeleka kwenye spika, ikasikika miluzi inayopanda. Kupanda kwake ndiko kulikowaambia kwamba elektroni zinazidi kusongamana, maana yake chombo kimeshatoka nyumbani kwa Jua. Walibana muda, miezi ikawa sekunde, lakini kimo cha sauti hawakukigusa. Wamesema hivyo wazi, na ndiyo maana nawaamini. Chombo hichohicho kimebeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiswahili hakimo. Hilo tutakuja kuliongea siku yenye muda zaidi.

Sayari ya Mshtarii nayo nimeitaja kidogo mapema, basi nisiipite kimya. Inarusha mawimbi makali sana karibu na megahezi 20, jambo lililogunduliwa mwaka 1955, na mwezi wake uitwao Io unachangia sana kuyachochea. Redio nzuri ya mawimbi mafupi na waya mrefu uliotandazwa vizuri vinatosha kuyapata usiku. Unasikia kuvuma na kupungua, kuvuma na kupungua, na mara nyingine milipuko mifupi ya haraka. Wazee mliokuwa mkitafuta stesheni za mbali usiku kwenye mawimbi mafupi, inawezekana mlishaipata Mshtarii mkaigonga redio mkidhani imeharibika.

Njia ya pili ni pulsa.

Ziligunduliwa mwaka 1967 Cambridge, na mwanafunzi, Jocelyn Bell, binti wa Ireland ya Kaskazini. Antena yao ilikuwa uwanja mzima wa nguzo na nyaya, naye alishiriki kuijenga kwa mikono yake. Mashine ilitoa karatasi ya grafu karibu mita 30 kila siku, na kazi yake ilikuwa kuipitia yote kwa macho. Akaona kialama kidogo kisichofanana na nyota wala na usumbufu wa mjini. Walipoendesha karatasi kwa kasi zaidi, kialama kikafunguka, kikawa mapigo, moja kila sekunde 1.337. Fanyeni hesabu ya biti: ni 45 kwa dakika, ukiyazidisha mara mbili ni 90, hip hop ya kawaida kabisa. Tuzo ya Nobel ya 1974 ya kazi hiyo alipewa msimamizi wake pamoja na mwenzake. Yeye hakupewa. Mwaka 2018 alipopata tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe wanafunzi. Maoni yangu kuhusu Nobel hiyo mnayasoma usoni.

Pulsa ni kitu cha ajabu kwa prodyuza. Uzito wake unalizidi Jua, na upana wake ni kilomita 20 hivi, yaani kutoka mnara wa saa hapa mjini mpaka ukaribie Usa River. Kitu kizito namna hiyo kikishaanza kuzunguka, si rahisi kukitikisa. Kinatunza mapigo kuliko mpiga ngoma yeyote.

Sikilizeni hii. Ni pulsa ya Vela, iliyo anga la kusini.

(Sauti: mapigo ya haraka, makavu.)

Hizo ni 11 kwa sekunde na kidogo. Zipange tatu tatu, kila la kwanza lipige kwa nguvu. Umepata 224 kwa dakika. Hiyo ni kasi gani?

(Ukumbi: «Singeli!»)

Singeli, ule muziki wa mbio wa Dar. Tandale na Manzese wote wameinuka. Na nyota yenyewe iko mbali kama miaka 1,000 ya nuru. Tuendelee kupanda.

(Sauti: mngurumo mzito.)

Hiyo ndiyo besi niliyowaahidi. Ni pulsa iliyo ndani ya wingu la Kaa, mabaki ya mlipuko ambao watazamaji wa China waliuandika mwaka 1054. Inazunguka mara 30 kwa sekunde. Jaribuni kuhesabu mapigo. Hamuwezi. Sikio limeacha kuhesabu, limeanza kusikia noti ya chini kabisa, iliyo karibu na mwisho wa kushoto wa kinanda. Karibu na mapigo 20 kwa sekunde kuna mpaka ambao mdundo unageuka kuwa sauti, na nyota hii imeshauvuka.

(Sauti: mlio mwembamba, wa juu.)

Na hii, iliyogunduliwa mwaka 1982, inazunguka mara 642 kwa sekunde. Kitu kizito kuliko Jua, kinageuka mara 642 wakati wewe unasema «moja». Mwenye gitaa aitafute: iko katikati ya Re kali na Mi, haijakaa kwenye noti yoyote ya kinanda.

Naipenda njia hii kwa sababu hapa hujachagua karibu chochote. Mapigo ni ya nyota, na kasi ni ya nyota. Ulichochagua ni rangi ya kila pigo tu: tik, au duh, au ngoma. Mtunzi wa Ufaransa, Gérard Grisey, aliandika kazi kubwa ya wapiga ngoma sita waliozunguka wasikilizaji, na humo akaingiza pulsa mbili: Vela, na ile tuliyoanza nayo. Hii ya pili ilipokelewa moja kwa moja wakati wa onyesho kwa darubini ya redio ya Nançay, huko Ufaransa. Fikirini kazi ya mwandaaji. Sisi hapa onyesho la saa mbili usiku linaanza saa nne, na hakuna anayeshangaa. Pale nyota inapita ikipita, na ngoma zisipokuwa tayari, imepita. Vela yeye aliitumia ya kurekodiwa. Kule Nançay haichomozi kabisa. Kwetu inapanda mpaka nyuzi 48. Kwa hiyo kuna onyesho ambalo Nançay hawawezi kulifanya na Arusha inaweza, tukipata sahani ya kutosha.

Njia ya tatu ndiyo yenye mabishano. Hapa huna mapigo wala mlio. Una namba: nguvu ya mawimbi, upande ulikotoka, kasi ya gesi. Unaamua mwenyewe kila namba iwe noti gani.

Gesi ya haidrojeni, iliyojaa galaksi nzima, inatoa wimbi lake kwenye megahezi 1420, lile la sentimita 21 nililolitaja. Liligunduliwa mwaka 1951 huko Harvard. Gesi ikija upande wetu, wimbi linapanda kidogo, ikitukimbia, linashuka. Kwa hiyo mwanaastronomia akielekeza antena mahali fulani penye Njia Nyeupe, anapata grafu yenye vinundu viwili au vitatu, na kila kinundu ni mkono wa galaksi wenye mwendo wake. Mark Heyer, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alichukua vipimo vya gesi vya miaka mingi akavigeuza muziki. Gesi ya atomu akaipa besi ya nyuzi, gesi ya molekuli akaipa piano na vibao vya mti, gesi ya moto iliyopoteza elektroni akaipa saksafoni. Noti akazipanga kwenye ngazi ya noti tano ya blues. Inasikilizika vizuri sana, na ukiwa na maelezo yake unaweza kuambiwa hapa ni gesi gani na inaelekea wapi.

Lakini gesi haikumwomba blues. Blues ni ya kwao. Hapo ndipo nikajiuliza, sisi tungeipa nini?

Jibu langu la kwanza nililipata Dodoma. Wagogo wanaimba na kupiga ilimba, ala ya vidole gumba, kwa ngazi ambayo haikutoka kwenye kinanda. Uzi ukitikisika mara 100 kwa sekunde, ndani yake kuna pia 200, 300, 400, na kuendelea. Ngazi ya Wagogo inafuata sauti hizo za ndani, ile ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8, ya 9. Marehemu Hukwe Zawose aliizungusha dunia nzima, ukumbi baada ya ukumbi. Mwenye kinanda atakwambia ile ya 7 iko nje ya tuni. Haiko nje. Kinanda chake ndicho hakina pa kuiweka. Na mnaona uzuri wake kwa kazi yetu: ni ngazi iliyoandikwa kwa namba nzima, na data zetu ni namba. Nikaweka kanuni: gesi isiyosogea ni sauti ya 4, na kila kilomita 20 kwa sekunde za kutujia ni hatua moja juu. Inayotukimbia nikampa zeze, ishuke. Hizo kilomita 20 ni chaguo langu, ningeweza kuweka 15. Lakini nimeziandika, na yeyote anaweza kuzigeuza akarudi kwenye grafu.

Mvumo wenyewe, ule shhhh wa Jansky, nikaupa kwaya ya kiume ya Kimaasai, zile sauti za kifuani zinazoshikilia chini. Nguvu ya mvumo ikiongezeka, mwimbaji mmoja anaongezeka. Ikipungua, mmoja ananyamaza. Wale vijana walicheka sana nilipowaambia kwamba anayewaita na kuwanyamazisha ni katikati ya galaksi. Olaranyani, anayeongoza, yeye sikumpa data yoyote. Ni binadamu, aimbe lake. Na nimeandika kwenye maelezo: sauti ya kiongozi haitoki angani.

(Sauti: ilimba, zeze na kwaya, dakika tatu. Makofi.)

Ahsanteni. Makofi hayo ni ya mpiga ilimba na kwaya.

Mfano mmoja wa nje ya redio, haraka. Mwaka 2022 watu walisambaziana sauti ya shimo jeusi la kundi la galaksi la Perseus, mngurumo wa kutisha, wakasema ni yenyewe. Kweli kule kuna mawimbi ya msukumo ndani ya gesi moto, yalitangazwa mwaka 2003, ila wimbi moja linachukua takriban miaka milioni 10. Watu wa NASA waliipandisha oktava 57 na 58 ili isikike, na kila oktava ni kuzidisha mitikisiko mara mbili, na waliandika hivyo. Waliosambaza ndio waliokata maelezo. Kwa hiyo ninapodai maelezo siwadai wanasayansi peke yao, nakudai na wewe mwenye simu.

Wapo watakaoniuliza faida yake, zaidi ya burudani. Yupo mwanaastronomia wa Puerto Rico, Wanda Díaz-Merced, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa masomoni. Aligeuza data kuwa sauti ili aendelee na kazi, kisha akachunguza kama inawasaidia na wanaoona. Aligundua kwamba ukitumia masikio pamoja na macho, unanasa alama iliyozama kwenye kelele ambayo macho pekee yangeipita. Amewahi kufanya kazi hiyo Afrika Kusini pia. Hapo Moshi, Mwereni, wapo watoto wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Somo la fizikia lenye grafu tupu linawaacha nje ya mlango. Grafu ya ilimba haiwaachi. Ningependa walimu mliotoka Moshi mnitafute kabla hamjapanda gari.

Afrika haijakaa pembeni katika jambo hili. Karoo, Afrika Kusini, kuna darubini ya redio ya MeerKAT, sahani 64, kila moja na upana wa mita 13.5, ilizinduliwa mwaka 2018. Ghana walichukua sahani kuukuu ya simu ya mita 32, pale Kuntunse, wakaifanya darubini ya redio, ikazinduliwa mwaka 2017. Karoo ilichaguliwa kwa ukimya wake wa redio. Sisi hapa mjini tuna chaja za bei poa, taa za LED za bei poa zaidi na plagi za bodaboda, na kila kimoja kinapiga kelele kwenye antena. Ukitaka kusikia kitu, toka mjini, elekea Monduli au Longido.

Vifaa viko kwenye meza ile. Pembe ile ya bati imetengenezwa na fundi anayetengeneza majiko; nilimpa vipimo, akaniuliza ni ya kuchomea nini. Nyuma yake ni debe la mafuta. Ndani ya debe kuna waya wa shaba wa sentimita 5 na kidogo, robo ya lile wimbi la sentimita 21. Kinafuata kikuza mawimbi, halafu kile kidude cha USB, kilichotengenezwa awali kwa ajili ya kuangalia TV kwenye kompyuta. Programu zake ni za bure. Ukielekeza pembe mbali na Njia Nyeupe, unapata mstari uliolala. Ukiigeuza polepole, kwenye 1420 mstari unaanza kufura. Kinundu kile ni gesi ya galaksi, imefika ndani ya debe. Wenye umri wangu mnakumbuka chenga za TV kabla ya ving'amuzi. Hata humo, sehemu ndogo, kama asilimia 1, ilikuwa ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Tulikuwa tunainuka kwa hasira kugeuza antena.

Naona mkono. Dada, karibu.

(Swali: «Mimi ni prodyuza. Nikitumia mapigo ya pulsa kwenye wimbo wangu, wimbo ukalipa, nitadaiwa na nani?»)

Swali zuri kuliko hotuba. Mapigo yenyewe hayana mtunzi, hakuna wa kukudai. Rekodi ya mapigo ni jambo jingine. Kuna darubini fulani na watu fulani walioinasa, kwa hiyo soma masharti yao kabla hujaishusha. Za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, ila wanapenda watajwe, nawe wataje. Mpangilio wako, ghani zako na kanuni uliyoiandika wewe, kazi hiyo ni yako, ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili.

(«Na mpiga ilimba?»)

Huyo mlipe kwanza. Tena kwa mkataba wa maandishi.